Shajara ya mradi: kinachowazuia kufika chuoni, kwa maneno ya watoto wenyewe

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza. Mradi ni mdogo: watu wazima watatu, makundi manne ya watoto wa miaka 10 hadi 17, na swali moja la kuwauliza. Unadhani ni nini kinaweza kumzuia mtoto kama wewe asifike chuo au chuo kikuu? Mimi ndiye mratibu. Wenzangu nitawaita Mwendeshaji, anayeongoza vikao, na Mnukuzi, anayeandika kila kinachosemwa. Hawataki kutajwa majina, na kwa kuwa watoto nao hawatatajwa, naona ni haki.

Kila tunayemweleza anauliza: kwa nini watoto? Mambo ya udahili na mikopo yana wataalamu wake. Kweli yanao. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto aliyefikia kuwa na maoni yake ayatoe kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kifungu cha 28 kinataka elimu ya juu ifikiwe na wote kwa kigezo cha uwezo. Hiyo ndiyo aya inayonukuliwa kwenye hotuba. Inayoifuata haina bahati hiyo: inasema taarifa na ushauri kuhusu masomo na kazi viwepo na viwafikie watoto wote. Naiandika hapa ili nisiisahau.

Wiki ya 1, Alhamisi

Tumegombana juu ya dodoso. Rasimu yangu ilikuwa na vizuizi 12 vya kuwekea alama ya vema, cha kwanza kikiwa "ada". Mwendeshaji aliitazama akasema mtoto akiikuta ada juu kabisa ataitia vema kabla hajafikiri, maana anajua ndilo jibu ambalo wakubwa wamelizoea. Nilibisha mchana kutwa. Jioni nikaangalia ngazi ya ushiriki wa watoto ya Roger Hart niliyoibandika ukutani mwenyewe, ile ya 1992 yenye vipandio 8. Vitatu vya chini havihesabiki kuwa ushiriki hata kidogo: mtoto anatumiwa, mtoto anawekwa kama pambo, mtoto anashirikishwa kwa jina tu. Rasimu yangu ilikuwa imesimama kwenye kipandio cha tatu, na hapo najipendelea.

Tumeiweka kando. Badala yake tutatumia chaki, kokoto na fomu ya kuigiza.

Wiki ya 2, Jumanne (nyongeza ya Ijumaa iko chini)

Kizuizi cha kwanza tumekitengeneza wenyewe. Wiki iliyopita tulituma karatasi za ridhaa nyumbani: mzazi au mlezi atie sahihi, na mtoto atie yake. Leo zimerudi, na watoto watatu wa kundi la kwanza hawana sahihi ya mtu mzima. Mmoja analelewa na kaka yake ambaye naye hajatimiza miaka 18. Wa pili, mlezi wake yuko safarini na hakuna ajuaye atarudi lini. Wa tatu, bibi yake amekataa. Aliwahi kutia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, ikamletea hasara.

Yule anayelelewa na kaka ni binti wa miaka 14. Alisimama mlangoni akiwatazama wenzake wakiingia, akasema bila hasira yoyote, "Kumbe na nyinyi mna fomu."

Ijumaa: kamati iliyotupa kibali cha maadili imekubali mwalimu mlezi asimame mahali pa mzazi kwa wale wawili wa kwanza, mradi mtoto mwenyewe amekubali na ustawi wa jamii wamejulishwa. Kwa bibi tulienda wenyewe, tukamsomea karatasi yote kwa sauti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mambo mawili: nani atazisikiliza sauti za watoto, na zitafutwa lini. Kamati haikutuuliza la pili. Tumelijibu, tumeliandika kwenye karatasi, naye akatia kidole.

Wiki ya 3, Jumatano

Kundi la kwanza. Siku hii nataka kuiandika taratibu.

Tulichora mstari wa chaki sakafuni, ukuta hadi ukuta, tukaandika umri juu yake kuanzia 6 hadi 20. Kila mtoto akapewa kokoto moja aiweke kwenye umri ambao mlango wa chuo unaweza kumfungia mtoto kama yeye. Tulisema "kama yeye" kwa makusudi, ili asilazimike kusimulia ya nyumbani kwao. Kabla hawajaingia, sisi watatu pamoja na mwalimu aliyetufungulia darasa tuliandika majibu yetu kwenye vikaratasi. Wote wanne tuliandika 17 au 18: mtihani wa mwisho, ada ya mwaka wa kwanza.

Watoto wamejichagulia majina ya siri. Tuna Radi, Kipepeo, Namba Saba, Bahari, na mmoja aliyeshikilia kwamba yeye ni Waziri. Radi ndiye aliyetangulia. Alitembea mstari mzima hadi 20, akarudi nyuma akiburuza mguu juu ya chaki, akainama kwenye 9. Mwendeshaji akamuuliza kwa nini hapo.

"Hapo ndipo walimu wanakuwa wameshajua nani wa kumuuliza maswali."

Kokoto nyingi zilirundikana kwenye 13 na 14. Nilidhani watasema balehe, au kazi za nyumbani. Kipepeo ndiye aliyetufungua macho. Kwao huo ndio umri wa kuchagua masomo. Yeye aliacha fizikia kwa sababu vipindi vyake viligongana na saa za kumtazama mdogo wake, na rafiki zake walikuwa wanaiacha pia. Mwaka uliofuata akaja mgeni shuleni kuzungumzia uhandisi, na hapo ndipo Kipepeo aliposikia kwamba mlango ule una masharti. "Hakuna aliyenikataza," alisema. "Nilijaza karatasi ya masomo wakati wa mapumziko, nikaenda kucheza."

Waziri aliiweka yake kwenye 6, akatugeukia. "Mimi ningeweka nyuma zaidi, ila mstari wenu umeanzia hapa." Wiki ijayo mstari utaanzia sifuri.

Kokoto moja haikuwekwa popote. Ilikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka 10, mdogo kuliko wote, ameishikilia mpaka imeloa jasho. Mwendeshaji alichuchumaa kando yake. Mtoto akanong'ona, Mnukuzi akashindwa kusikia, ikabidi Mwendeshaji aturudie maneno yake baadaye: "Chuo ni shule kubwa? Au ni kazi?" Mapendekezo yetu ya mradi yana kurasa 14, na hakuna hata ukurasa mmoja unaomweleza mtoto chuo ni nini. Tulikuwa tunamuuliza kinachomzuia kufika mahali asipopajua.

Wiki ya 4, Jumanne

Kundi la pili, fomu ya kuigiza. Tumeitunga sisi kwa kuokota vipengele vya kawaida vya maombi ya chuo na ya ufadhili: jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya utambulisho, kazi ya baba, kazi ya mama, kipato cha kaya kwa mwaka, barua pepe, maelezo mafupi chini ya kichwa "Jieleze", sahihi. Jumla kurasa mbili. Tuliwaambia kwamba hakuna atakayeikusanya. Kazi ya Mnukuzi ilikuwa kuangalia kalamu zinasimama wapi.

Zilisimama kwenye mstari wa kwanza kabisa. Watoto wawili wana jina moja shuleni na jingine kwenye cheti. Mmoja hana cheti. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka 5 duniani hawajaandikishwa kuzaliwa kwao. Takwimu hiyo niliijua. Sikuwahi kuiona ikiwa na sura ya mtoto anayemwegemea jirani na kumuuliza, "Wewe yako imeandikwaje?"

Kisha "kazi ya baba". Namba Saba aliandika herufi moja, akaifuta. Ufutio ukaacha doa la kijivu. Akaandika tena, akafuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka karatasi ikatoboka. Aliitazama tundu hiyo kidogo, akaikunja fomu mara mbili, mara nne, akaiweka kwenye kiti na kuikalia. Mwendeshaji hakumuuliza neno. Alimsogezea fomu nyingine, akaendelea kuzungumza na meza ya pili kana kwamba hakuona. Mwisho wa kikao Namba Saba ndiye aliyeleta habari mwenyewe: "Wangeuliza nani anakulea, ningejaza. Wanauliza baba."

Kwenye barua pepe kulikuwa na vicheko. Mmoja anatumia ya mwalimu, mmoja ya kaka yake aliyesahau nywila, mmoja aliandika namba ya simu akaongeza alama ya @ katikati, "ili ifanane".

Kwenye "Jieleze" walinyamaza. Niliona hiyo ndiyo sehemu rahisi, maana haina cheti wala mshahara wa mtu. Bahari, ana miaka 16, aliinua mkono akauliza, "Nijieleze kama nani?" Hatukumwelewa. Akafafanua kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni njia: akijieleza kwa shida zake, wataona hataweza masomo. Akijieleza kwa alama zake, wataona hahitaji msaada. Fomu ni moja, wanaoisoma ni wawili, na hajui ni yupi ataisoma kwanza. Meza nzima iliitikia kwa kichwa. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wanaotunga fomu za namna hii na sikumbuki kusikia mtu akilisema jambo hilo.

Wiki ya 4, Jumamosi

Kinasa sauti kilirekodi dakika 11 tu za kikao cha Jumanne. Betri, na kosa ni langu. Tumebaki na maandishi ya Mnukuzi. Jumanne ijayo tutawaambia watoto ukweli na kuwasomea tulichoandika, warekebishe.

Wiki ya 5, Jumatatu

Siku ya kusoma. Nilitaka kujua kama habari ya kalamu kusimama ni ya chumba kile tu.

Marekani kuna fomu moja ya kuomba msaada wa masomo kutoka serikali ya shirikisho, na kwa miaka mingi ilikuwa na maswali zaidi ya 100. Eric Bettinger na wenzake walifanya jaribio, wakalichapisha 2012. Familia zenye kipato cha chini zilizokwenda kujaziwa marejesho ya kodi zilisaidiwa kuijaza fomu hiyo papo hapo, kwa taarifa zilezile za kodi. Miongoni mwa watoto waliokuwa wanamaliza sekondari, waliotimiza miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Kulikuwa na kundi lingine lililopewa maelezo tu, likaonyeshwa makadirio ya msaada linaostahili, kisha likaachiwa fomu lijaze lenyewe. Hilo halikuonyesha mabadiliko.

Jaribio la pili ni la jimbo la Michigan, limechapishwa 2021 na Susan Dynarski na wenzake. Wanafunzi wenye alama za juu na kipato cha chini waliandikiwa barua: ukidahiliwa chuo kikuu cha jimbo, hutalipa ada kwa miaka minne, wala huna haja ya kujaza fomu za msaada ili ahadi hii ikuhusu. Wengi wao wangepata msaada unaokaribia huo hata bila barua. Fedha hazikubadilika sana. Kilichoondoka ni shaka na makaratasi. Waliopata barua, asilimia 68 waliomba nafasi. Wasiopata, 26. Walioanza masomo pale ni asilimia 27 kwa 12.

Nimemsomea Mwendeshaji. Amesema, "Namba Saba alikwisha kutwambia." Sawa, lakini Namba Saba hana jedwali, na wenye maamuzi wanapenda majedwali.

Wiki ya 5, Alhamisi

Nisijidanganye lakini. Kuna utafiti wa Robert Jensen wa Jamhuri ya Dominika, wa 2010: wavulana wa darasa la nane walikuwa wanakadiria chini mno faida ya kuendelea na shule, na walipoambiwa mishahara halisi, waliendelea kusoma zaidi. Ila maskini zaidi kati yao hawakuongeza karibu chochote. Walijua sasa kwamba shule inalipa, na bado hawakuwa na cha kuilipia. Nimebandika karatasi ya pili ukutani kando ya ngazi ya Hart: "Taarifa si chakula."

Wiki ya 6, Jumanne na Jumatano

Kundi la tatu na la nne, siku mbili mfululizo, nimechoka.

Kijana mmoja wa kundi la nne haoni. Swali lake halikuhusu kudahiliwa. Anaamini atadahiliwa, ana alama nzuri na ana kiburi kizuri pia. "Nikishafika, nasoma nini?" Anamaanisha vitabu. Shuleni kwake anasomewa na mwenzake wa dawati, na mwenzake huyo haendi chuo. Upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kupelekwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Nilimweleza. Akauliza kama chuo anachokitaka kinaujua. Nikamwambia nitauliza, na nimeliandika kwenye orodha ya madeni yetu.

Mwingine alivuka mpaka na shangazi yake. Alikuwa amemaliza madarasa manane, ila alianza upya la sita kwa kuwa hakuna karatasi. "Nilisoma. Karatasi ndizo zilibaki." Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limejiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo 2030, na ule mkataba wa dunia wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kufanya kazi 2023, unazungumzia hata wasio na vyeti mkononi. Ni mambo mema. Kijana huyu ana miaka 15 na anasoma na wa miaka 13, na kila asubuhi anakaa nyuma ili urefu wake usionekane.

Wiki ya 7, Jumatatu

Fedha. Tuliiacha ije yenyewe, na imekuja, ila haikuja kwa mlango tulioutarajia. Ada ya chuo kwao ni kitu cha mbali, kikubwa mpaka hakitishi. Wanachokiogopa ni kile Radi alichokiita "hela ya kabla ya hela": kulipia maombi, nauli ya kwenda kwenye usaili, kutoa nakala na kuzithibitisha, siku nzima ya mama kukosa kazi ili amsindikize. Mikopo na ufadhili vikija, huja baada ya hapo.

Juu ya mikopo waliuliza kitu kimoja kwa namna nyingi: deni ni la nani nikifeli? Nani atalilipa nikifa? Niliwaeleza kwamba Australia ilianzisha mwaka 1989 utaratibu ambao mhitimu hulipa pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani, na kikishuka, malipo husimama. Chumba kilitulia. Binti wa karatasi ya ridhaa, yule wa kaka, alisema hajawahi kusikia deni linalosubiri.

Waziri aliuliza kama kuna mahali hakulipwi ada kabisa. Nikataja Ujerumani, ambako jimbo la mwisho lililokuwa likitoza ada ya jumla liliiacha 2014. "Basi huko wote wanaenda." Hapana. Kwa takwimu zilizotolewa huko 2018, kati ya watoto 100 wa wazazi waliosoma chuo, 79 walianza chuo kikuu, na kati ya 100 ambao wazazi wao hawakusoma chuo, 27. Akataka kujua kinachowazuia kama si ada. Nikamwambia, miongoni mwa mengine, kwamba katika majimbo mengi ya huko mtoto huelekezwa aina ya sekondari baada ya darasa la nne, akiwa na miaka kama 10.

Radi hakusema kitu. Alitazama tu sakafuni, pale mstari wa chaki ulipokuwa wiki nne zilizopita.

Jambo jingine lililojitokeza ni ndugu wakubwa. Kaka alisoma chuo, akamaliza, yuko nyumbani. Mtoto huyo hahitaji takwimu za ajira, anamwona mhitimu kila asubuhi. Lilisemwa kwa sauti ya chini, na mara tatu katika makundi tofauti. Sijui tulifanyie nini katika ripoti. Kulificha ni uongo, na kulikuza ni kumwaibisha kaka wa mtu.

Wiki ya 8, Jumatano

Mnukuzi amepanga nukuu zote kwenye jedwali lenye safu tatu: vizuizi vya kiuchumi, vya kijamii, vya kitaasisi. Limekaa vizuri na limenichosha macho. Karibu kila kadi ingeweza kukaa kwenye safu zote tatu.

Mwendeshaji akapendekeza tuwape watoto kadi wazipange wenyewe. Tuliwaita Kipepeo na Waziri baada ya masomo. Walifanya kazi kwa saa moja na nusu wakiwa wamepiga magoti, wakibishana kwa mnong'ono. Mafungu yao yalikuwa manne, na majina waliyapa wao: Yanayotaka hela. Yanayotaka mtu mmoja kusema. Yanayotaka sheria. Hatujui.

Fungu la pili lilikuwa refu kuliko mengine yote. Humo mna kadi ya fizikia: mtu mmoja angesema, siku ya kuchagua masomo, kwamba somo hili linafungua hivi na kulikosa kunafunga vile. Mna jina linalotofautiana na cheti: mtu mmoja angesema mapema kwamba linarekebishika, na wapi. Mna mtoto wa miaka 10 na kokoto yake. Mna "kazi ya baba", ambayo ningeiweka kwenye sheria. Waziri alinikatalia: "Anayeandika fomu ni mtu. Aandike mlezi." Kaka aliye nyumbani waliiweka kwenye Hatujui. Nimeamua ripoti ifuate mafungu yao, na kaka abaki pale walipomweka.

Mnukuzi amenuna kidogo, kisha akaomba kulihifadhi jedwali lake kama kiambatisho. Nimekubali.

Wiki ya 9, Ijumaa

Kikao cha marejesho, pamoja na mgeni kutoka ofisi ya elimu. Laura Lundy, mtafiti wa haki za watoto, aliandika mwaka 2007 kwamba kumpa mtoto sauti hakutoshi: panatakiwa nafasi, sauti, msikilizaji na athari. Msikilizaji tulimpata. Alizungumza dakika 40. Watoto walibakiwa na 15.

Walizitumia vizuri kuliko sisi tulivyotumia mwezi wa kwanza. Hawakusoma ripoti. Kipepeo alimpa mgeni kokoto na kumwomba aiweke kwenye mstari, uliokuwa sasa umeanzia sifuri. Aliiweka kwenye 18, kama sisi. Kisha wote 14 wakaweka zao bila kusema neno, na akabaki ameinama anazitazama, na nadhani hapo ndipo alipoanza kusikiliza. Aliuliza swali moja tu la maana, lakini aliliuliza kwa mtoto wala si kwangu: "Siku hiyo ya kuchagua masomo, nani anakuwapo?" Bahari akamjibu, "Monita." Kiranja wa darasa, mwenye miaka 14, ndiye anayekusanya karatasi zile.

Mgeni ameahidi jibu la maandishi kwa mambo mawili: ushauri kabla ya siku hiyo, na neno "mlezi" kwenye fomu zinazotoka ofisini kwake. Tumemwomba jibu liandikwe kwa watoto, si kwetu. Amesema wiki tatu.

Wiki ya 12, Ijumaa

Jibu halijaja. Tumepiga simu mara mbili. Watoto tumewaambia hivyohivyo, kwamba halijaja na kwamba tumepiga mara mbili.

Madeni mengine: chuo cha yule kijana asiyeona kimejibu, hawajawahi kuusikia Mkataba wa Marrakesh ila mkutubi wao ameomba tumtumie maelezo. Tumetuma. Sauti za kikao cha kwanza tumezifuta leo, tarehe tuliyomwahidi bibi, na mjukuu wake amepelekewa barua ya kumsomea.

Kipepeo amekuja kuomba nakala za fomu ya kuigiza, "za kufanyia mazoezi", yeye na wenzake wa darasa lote. Nilitaka kuusahihisha mstari wa "kazi ya baba" kwanza. Namba Saba, aliyekuja naye, akasema tuuache. Huko nje ataukuta ulivyo, na anataka kuuzoea akiwa na watu anaowajua. Mwendeshaji haafiki, mimi nimeafiki. Tunachapa nakala 60 Jumatatu, mstari ukiwemo, na chini yake tumeongeza mistari miwili mitupu ya maelezo.